Mwaka wa Kuni

Daktari aliniambia nitembee. Hakusema niende wapi, alisema tu nusu saa kila siku, na angalau mara moja kwa wiki nipande mahali penye mwinuko, kwa sababu sukari na presha zangu zimekataa kushuka kwa dawa peke yake. Ndiyo maana kila Jumamosi natoka na walimu wenzangu wastaafu, wanawake wanne na mimi wa tano. Tunaanzia Kamakwa, tunaingia kwenye miti, tunazunguka bega la kilima cha Nyeri mpaka upande wa Mathari, kisha tunateremka kwenye mitaa na kurudi mjini kwa barabara ya lami. Siku hizi njia hiyo imesafishwa. Kuna magogo yaliyolazwa ya kukalia, kuna vibao vyenye mishale, na vijana hutupita mbio wakiwa na waya masikioni. Wenzangu husimama kwenye kila gogo na kusifu hewa. Mimi hukaa na kunyamaza. Sikuwahi kuwaambia kwamba niliizunguka njia hii siku sita kwa wiki, karibu mwaka mzima, nikiwa nimeinama kiasi kwamba sikuona kitu ila visigino vya mwanamke aliyenitangulia.

Mwanamke huyo aliitwa Wairimu, na mimi nilimwita Mama Muthoni. Habari ya kifo chake ilinikuta huko huko kilimani, nimekaa kwenye gogo nikitoa kijiwe kiatuni. Simu ililia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikaniita Tata, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita shangazi kwa jina hilo, kwa hiyo nilijua ni nani kabla hajajitaja. Muthoni alisema mama yake amelala, wamemweka mochari, watamzika Kiganjo wiki ijayo. Akasema wanaandika historia ya marehemu ya kusomwa siku ya mazishi. Kuzaliwa wameandika, ubatizo, kazi ya kanisa, wajukuu, yote iko. Lakini kuna mwaka mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, ambao hakuna jamaa anayeujua vizuri. Aliomba nije Jumanne niuandike, kwa sababu mimi ni mwalimu na kwa sababu nilikuwepo. Nilikubali. Wenzangu walipouliza nani amefariki, nikasema ni mama mmoja wa kanisani.

Jinsi nilivyofika kwa Wairimu ni hadithi ya watu wengine, na wengi wao wameshalala. Inatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne Othaya, nangoja barua ya chuo cha ualimu ambayo ingekuja au isingekuja, na sikuwa na mahali pengine pa kungojea. Chumba chake kilikuwa cha mbao, cha tatu katika safu ya vyumba sita vilivyotumia mfereji mmoja wa maji. Kitanda kilikuwa nyuma ya leso iliyotungikwa kwenye kamba, na mbele ya leso kulikuwa na jiko, ndoo mbili, stuli tatu, na godoro ambalo usiku mimi na Muthoni mwenye miaka sita tulilitandika sakafuni. Kuta zilikuwa zimebandikwa magazeti ya kuzuia upepo. Nikilala nilisoma habari za bei ya kahawa mpaka nikazijua kwa moyo, na Muthoni alijifunza herufi zake za kwanza hapo hapo, akielekeza kidole kwenye ukuta huku mama yake akikaanga vitunguu.

Upepo ulizuiwa kidogo, maneno hayakuzuiwa. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Hadija, muuza mandazi, na mumewe dereva wa lori, na tulikula chakula chetu tukiwasikiliza. Tulijua lori limeharibika wapi, na dada ya nani amekosana na nani. Mara moja, tukila githeri, tulisikia Mama Hadija akimwambia mumewe kwamba yule msichana wa Othaya ataruka siku barua itakapofika, na Wairimu atabaki anatazama juu kama mtu aliyefuga njiwa wa wenyewe. Mumewe akasema wasomi wote ni hivyo. Niliacha kutafuna. Wairimu hakuacha. Alimeza, akanisogezea sahani ya chumvi, akauliza kama imetosha. Nilisema imetosha. Hatukuzungumza jambo hilo tena, wala yeye hakuwahi kumnunia Mama Hadija. Kesho yake alimnunulia Muthoni mandazi kama kawaida.

Tuliamka alfajiri, tukanywa chai ya turungi kwa kiazi kitamu kilicholala, tukaondoka na panga moja na mikanda miwili. Mkanda tuliuita mukwa: unapita chini ya mzigo mgongoni, unapanda na kukaa kwenye utosi, na shingo ndiyo inayobeba. Wiki ya kwanza nilidhani kichwa changu kitapasuka. Wairimu alinionyesha kuweka kipande cha sweta kuukuu chini ya mkanda, na jinsi ya kupumzika bila kushusha mzigo, kwa kuegemea ukingo wa njia ili ardhi ishike uzito kwa muda. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, lakini magoti yake yalikuwa ya mwanamke mzee. Yalikuwa yakilia. Nikitembea nyuma yake niliyasikia, na mpaka leo magoti yangu yanapolia kwenye ule mteremko wa Mathari nafikiri ni yeye yuko mbele.

Kuni tuliziuza kwa kupita jikoni kwa watu, tangu nyumba za juu zenye ua wa miti mpaka zile za wafanyakazi karibu na barabara. Hatukuingia kwa mlango wa mbele hata mara moja, kwa hiyo mji wa Nyeri niliujua kwa nyuma: kamba za nguo, mbwa waliofungwa, masufuria yaliyolowekwa, wapishi waliokuwa wakisema mambo ya mabosi wao. Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya Mama Mutua, mke wa mtumishi wa serikali kutoka Machakos. Mumewe alikuwa safarini siku zote na watoto walikuwa bweni. Alituomba tuzipange kuni polepole. Alisema hivyo wazi, mzipange polepole, kisha akaleta chai ya maziwa na kuketi kwenye ngazi akitueleza jinsi baridi ya huku inavyoingia kwenye mifupa na jinsi anavyoota jua la kwao. Wairimu alizipanga kuni zile kama mtu anayejenga ukuta wa kanisa. Tulipotoka aliniambia kuna watu wanaochoka na kazi na kuna watu wanaochoka na kiti, na wote ni uchovu.

Alikuwa na sheria moja. Tuliokota zilizoanguka, basi. Kibali chake cha msitu kilikuwa cha kuni kavu, na alikiweka kifuani ndani ya karatasi ya nailoni. Mti uliosimama haukuguswa, hata ukiwa mdogo kama mkono. Nilimuuliza siku moja kwa nini tunakwenda mbali hivyo, mpaka nyuma ya kilima, na miti imejaa hapa hapa. Akajibu kwamba yeye ana mtoto mmoja na mtoto huyo ana mama mmoja.

Barua yangu ilifika katikati ya Julai, wakati wa ule ukungu unaokaa kwenye kilima siku kumi bila kuinuka. Nilitakiwa kuripoti chuoni baada ya wiki tatu. Wairimu hakujua kusoma vizuri, lakini aliishika ile barua muda mrefu, akaipeleka mwenyewe kwa Mama Hadija, akasema kwa sauti ambayo safu nzima ilisikia kwamba huyu atakuwa mwalimu. Jioni ile alipika chapati, jambo lililokuwa la Krismasi tu, na akampa Muthoni ya kwanza kutoka kwenye kaango. Kisha akasema tufanye kazi kwa bidii hizo wiki zilizobaki, ili niende na viatu.

Siku nne baadaye Mama Mutua aliagiza kuni nyingi na nene. Wageni wa mumewe walikuwa wanakuja. Msituni hakukuwa na kitu kikavu. Kila tawi uliloshika lilivuja maji. Tulizunguka tangu asubuhi, tukapata mizigo miwili ya vijiti vya kuwashia moto tu. Wairimu aliketi kwenye mzizi, akaanza kujisugua magoti, akaniambia niangalie upande wa bonde. Nilikwenda na panga. Nilikuwa nimechoka, na pia nilikuwa nimeshaanza kuondoka moyoni. Nadhani hilo ndilo la kweli zaidi. Sheria zake zilikuwa za watu watakaobaki. Kulikuwa na msaipresi mchanga, umesimama wima kati ya mingine, unene wa paja. Nikaukata. Mti mbichi unapiga kelele nyingi. Ulipoanguka Wairimu alikuwa ameshafika, akichechemea, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Hakunigombeza. Alininyang'anya panga mkononi, na hapo tukasikia buti zikiteremka.

"Wewe uko na miguu," aliniambia. "Enda."

Nilishuka kwenye magugu ya bondeni, hatua labda thelathini, nikaanguka, nikabaki pale nilipoanguka. Ukungu ulikuwa mzito. Sikuona mtu, nilisikia tu. Askari wa msitu alikuwa mtu wa magharibi, mpole, tulimzoea. Mara kadhaa alikuwa amekagua kibali na kutuuliza habari za mtoto. Nilisikia buti zake zikiuzunguka mti ulioanguka.

"Mama," alisema mwishowe, "nani amekata huu mti?"

"Ni mimi."

"Uko peke yako?"

"Unaona mwingine?"

"Naona mizigo ni mbili. Na mikanda ni mbili."

"Moja napeleka, narudi kuchukua ingine," Wairimu alisema. "Ndio hii goti imeharibika hivi."

Nilijua askari anatazama chini, upande wangu. Kama angechukua hatua kumi angeniona. Alisema tu, kwa sauti ya mtu ambaye hakutaka kazi hii leo, kwamba mkubwa wake alikuwa barabarani na gari, ameusikia mti, kwa hiyo hawezi kumwacha. Wairimu akamwambia hakuna neno. Nikasikia magoti yake yakipanda, polepole, na yule askari akimngoja.

Nilirudi mjini bila mzigo. Nilimkuta Muthoni kwa Mama Hadija, nikamwambia mama yake atachelewa. Mahakamani nilienda kesho yake asubuhi na kukaa kwenye benchi la nyuma. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nitasimama. Wairimu aliletwa na wanawake wengine wanne, na alipogeuka akaniona. Alitikisa kichwa mara moja tu, akakielekeza mlangoni. Mimi nikatii. Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba alinifukuza, kwamba yeye ndiye aliyeamua, kwamba msichana mwenye kesi asingepokelewa chuoni na mwaka wake wote wa kunilisha ungekuwa bure. Yote hayo ni kweli. Lakini nilivyotoka kwenye ule mlango, najua jinsi miguu yangu ilivyokuwa myepesi. Walimpa mwezi mmoja gerezani.

Nilikaa na Muthoni wiki mbili. Nilimpikia uji, nikamsuka nywele, nikamwonyesha herufi ukutani. Maji nilichota, jiko niliwasha, kuni sikwenda tena. Usiku alilala mgongo wake ukiwa umegusa tumbo langu. Ukuta wa pili ulikuwa umenyamaza; Mama Hadija na mumewe sasa walinong'ona, na kunong'ona kwao kulikuwa kubaya kuliko maneno. Hakuna aliyeniuliza kitu. Siku yangu ya kuripoti ilipofika, Wairimu alikuwa bado ndani kwa wiki mbili nyingine. Nilimwacha mtoto kwa Mama Hadija na nikaenda. Nilienda na viatu.

Nimefundisha miaka thelathini na sita, karibu yote Kieni. Nimefundisha watoto wa askari, wa wakulima, na mara nyingi watoto waliokuja shuleni na harufu ya moshi wa kuni mbichi kwenye sweta. Wairimu niliwahi kumwona mara moja, sokoni Chaka, labda mwaka wa kumi wa kazi yangu. Alikuwa ameketi nyuma ya rundo la kabeji, miguu ameinyoosha mbele, anacheka na mwenzake. Niligeuka. Tangu siku hiyo soko la Chaka sikwenda tena. Nilipanda gari mpaka Karatina kununua kabeji, na waliokuwa majirani zangu walidhani naringa. Mtu anaweza kuchoka kwa kubeba, na anaweza kuchoka zaidi kwa kukwepa. Hakuna siku niliyoamka nikiwa nimepumzika kabisa, na daktari ameniambia ni sukari.

Jumanne nilikwenda Kiganjo. Nyumba ya Muthoni ni ya mawe, ndogo, nadhifu, yenye zulia na picha za watoto wakihitimu. Amekuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, anauza nafaka. Wanawake wa kanisa walikuwa wakichambua mchele uani, na yeye akanipeleka chumba cha ndani, akafunga mlango, akanipa daftari na kalamu. Aliniletea chai na mkate, akaketi kwenye kitanda. Nilimwambia kabla sijaandika kuna neno. Nikamweleza mti, panga, bonde, mahakama. Nilieleza vibaya, nikirudia mambo, mimi niliyewafundisha watu insha. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Hiyo yote najua, Tata," alisema. "Mama aliniambia nikiwa nimeshaolewa. Hata alikuwa anacheka. Alisema ule mwezi ndio alilala. Ati walikuwa wanalima shamba asubuhi, halafu wanakaa. Alisema tangu azaliwe hakuwa amekaa hivyo."

Nilikuwa nimengoja miaka arobaini kulaumiwa kwa jambo hilo, na sasa nilikuwa nimekaa na mkate mkononi, sina la kufanya nao.

Muthoni hakuwa amemaliza. Alisema jambo ambalo yeye alitaka kuliuliza si hilo. Siku niliyoondoka, alisema, nilimvalisha sweta, nikamwambia naenda posta na nitarudi jioni. Aliketi kwenye kizingiti cha chumba chetu. Mama Hadija alimletea chakula akakataa, akasema anangoja Tata. Jioni ya pili pia. Ya tatu mume wa Mama Hadija alimbeba akamwingiza ndani kwao kwa nguvu, naye alimng'ata mkono. Mama yake alipotoka gerezani alimkuta bado ana lile sweta mwilini, hataki livuliwe.

Nililitafuta neno hilo kichwani, posta, na jioni. Sikulipata. Nimekumbuka kila mti wa kilima kile, nimekumbuka chumvi na magazeti, lakini hilo nilikuwa nimelitupa mahali nisipoweza kufika.

"Sikasiriki," Muthoni alisema. "Nataka tu kujua. Wakati unaniambia, ulikuwa unafikiri utarudi, ama ulijua hurudi?"

Ningeweza kusema sikumbuki, na ingekuwa kweli. Lakini kuna kitu ambacho sikuhitaji kukikumbuka.

"Nilijua," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua tangu shule. Akapangusa makombo ya mkate kwenye mto. "Sawa," akasema. "Basi andika."

Niliandika mistari michache. Kwamba mwaka ule Wairimu aliishi Majengo na kuuza kuni za kilimani, na kwamba alimlisha msichana wa Othaya asiye ndugu yake mpaka akapata chuo. Kwamba alifungwa mwezi mmoja kwa mti ambao hakuukata. Kwamba aliyeukata ni yule msichana, na kwamba baadaye alimwacha mtoto wa Wairimu mlangoni. Nikaweka jina langu lote. Muthoni alisoma, akarekebisha herufi moja kwenye jina la mama yake, akakunja karatasi.

Siku ya mazishi walimu wenzangu wanne walikuja kunisindikiza, wakavaa leso nyeusi zinazofanana. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, safu ya nyuma ya hema. Wengine pale walikuwa wanafunzi wangu wa zamani, na mmoja wao ndiye aliyenishika mkono kunivusha mtaro. Mjukuu mkubwa wa Wairimu alisoma historia kwa sauti nzuri, bila haraka. Alipofika mwaka wangu hakupunguza wala hakuongeza kasi. Nilisikia jina langu likipita juu ya vichwa. Mwenzangu wa kulia aliacha kujipepea. Mtu fulani mbele aligeuka, kisha wengine wakageuka. Kijana alifika mwisho wa ukurasa, akaufunua, akaendelea na kazi ya kanisa.

Wimbo ulipoanza, Muthoni, aliyekuwa kwenye benchi la familia karibu na jeneza, aligeuka akanitafuta mpaka akaniona. Akasogea. Akaweka kiganja kwenye nafasi iliyobaki kando yake na kukiacha hapo. Nilisimama. Ilikuwa mbali, na ardhi ilikuwa na matope, na ilinichukua ubeti mzima wa wimbo kufika.